Ukijua, utafanya nini?

Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kihonda hapa Morogoro, na huu ni mwaka wa nne nikiwa katibu wa jumuiya yetu. Daftari la mahudhurio liko kwangu, bahasha za zaka zinapitia kwangu, mtu akitaka barua ya kubatizia mtoto anaanzia kwangu. Nayasema haya mapema ili usinione mtu wa kuzurura tu.

Mwezi wa nne alihamia mama mmoja kwenye vyumba viwili vya uani, nyumba inayopakana na yangu. Ana mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Jumamosi ya kwanza tu alikuja jumuiyani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabeba kigoda chake mwenyewe, akaimba vizuri kutushinda wote. Nikampenda. Lakini Jumapili kanisani, benchi letu liliposimama kwenda kupokea Komunyo, yeye akavuta miguu pembeni kutupisha, akabaki amekaa. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Na mume hatumwoni. Ila mwisho wa mwezi, usiku, kuna pikipiki inakuja, inazimwa mbali kidogo na geti, na alfajiri haipo.

Shangazi, nakwambia ukweli kwa kuwa hunijui. Nimeshasimama dirishani jikoni saa tano usiku, taa nimezima, ili nimwone anayeshuka ni nani. Mume wangu akaja kunywa maji akanikuta. "Unatafuta nini gizani?" Nikamwambia nasikilizia kama gesi inavuja.

Basi Jumamosi moja ikawa zamu ya kwangu kupokea jumuiya. Tumemaliza sala, watu wanakunywa chai, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama nanihii, mbona baba hatumwoni? Na wewe mbona hupokei, kuna tatizo tukusaidie?" Watu wakanyamaza. Yeye akatabasamu, akaweka chini kikombe ambacho hakijafika nusu, akaaga.

Jioni nikamkuta bombani. Akanisalimia vizuri, ndoo yake ikajaa, akajitwisha, halafu akaniuliza bila hasira yoyote: "Dada, ukijua, utafanya nini?" Akaenda zake. Tangu siku hiyo jumuiyani haji.

Kinachoniumiza ni kwamba mimi nilifundishwa kuuliza si ujinga. Miaka miwili iliyopita kulikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu wa reli, anaishi peke yake. Mlango wake ulifungwa siku tatu. Kila mtu alijisemea mzee kasafiri, na hakuna aliyetaka kuonekana mmbea. Aliyemgundua ni binti wa kuuza maziwa. Kumbe kapigwa kiharusi yuko sakafuni anasikia watu wanapita. Alifariki wiki iliyofuata. Mimi nilipita pale mlangoni siku zote tatu, Shangazi. Nikaapa sitanyamaza tena. Na mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hata Yesu mwenyewe si alimwambia yule mwanamke Msamaria akamwite mumewe?

Yale ya pikipiki nilimwambia mwenyekiti, tukiwa wawili tu. Wiki ile ile nikayasikia kwa wanakwaya, na pikipiki imeshakuwa gari.

Na jambo la mwisho, ambalo hata mume wangu halijui. Asubuhi nachoma maandazi ya kuuza. Nilimwita yule mtoto akipita kwenda shule, nikampa moja la moto, nikamuuliza baba huwa anakuja lini. Akalitazama andazi, akanitazama mimi, akasema, "Mama kasema nisijibu." Halafu akalirudisha kwenye beseni.

Naomba uniambie. Nilikosea kuuliza, au nilikosea namna ya kuuliza? Na nikinyamaza, si ndiyo tunarudi kwa yule mzee?

Katibu, Kihonda

*

Milele amina, mwanangu. Marahaba.

Nianze mimi kuungama. Nilipofika pale pikipiki inapozimwa mbali na geti, niliruka mistari nione kama chini umeandika anayeshuka ni nani. Hukuandika, na nikaudhika. Miaka yote hii ya kusoma barua za watu, bado moyo unaruka kama wa binti wa kidato cha pili. Kwa hiyo usidhani anayekujibu amekaa juu ya mlima.

Nitaanza na andazi, kwa sababu ndilo lililokufanya uandike. Ungekuwa na la kanisani na la chai peke yake, ungejitetea ukalala. Yule mama alikuwa na njia ya kukukwepa: aliweka kikombe chini akaondoka. Mtoto hana njia hiyo. Umemwita, umempa, umemwinamia, halafu ndio ukauliza. Kwa mtoto wa miaka sita, andazi lile lilikuwa malipo ya kutoa siri za mama yake. Akaona hawezi kula huku na kunyamaza, akachagua. Mimi sijui ni watu wazima wangapi kwenye jumuiya yako, au huku kwangu, wangelirudisha.

Sasa, swali lako lenyewe. Kutaka kujua habari za jirani si dhambi. Maaskofu wetu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele miaka ya 1970, walitaka hasa hilo, kwamba Mkristo asiwe namba katika parokia ya watu maelfu, awe na majirani wanaojua kama amelala njaa. Tatizo ni kwamba huku kwetu jumuiya ilikuta nyumba kumi kumi zimeshatangulia tangu TANU ya miaka ya 1960, na wengi wetu tuliishika kazi ya jumuiya kwa mikono ya balozi wa nyumba kumi: mgeni huyu ni nani, katokea wapi, analala na nani. Balozi alikuwa na sababu zake. Sisi tulibaki na mazoea.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliligusa jambo hili kwa namna ambayo naona ingekufaa ukiwa dirishani. Alisema kuchunguza matendo ya wengine kunaweza kuwa jambo jema, kama unatafuta mfano wa kukuinua wewe, au kama unataka kumfaa yule mtu kwa upendo, au kwa wajibu uliopewa. Ubaya ni pale mtu anapochungulia ili adharau, ili aseme, au hata kwa ajili ya kumsumbua mwenzie bure. Ona, "kumsumbua bure" nako kumo. Watu wengi hujitetea kwamba hawakumsema mtu. Pengine ni kweli, lakini aliyesumbuliwa kashasumbuliwa.

Wewe utaniambia una wajibu, wewe ni katibu. Haya, tuufungue huo wajibu. Muulize ametoka parokia gani na kama ana barua ya utambulisho. Muulize mtoto amebatizwa au bado. Muulize likitokea la kutokea tumpigie nani simu, na hilo la simu ndilo ambalo lingemsaidia yule mzee wa reli. Hapo daftari limejaa. Kupokea au kutopokea Komunyo hakuna safu yake kwenye daftari lako, na sababu za mtu kubaki benchini zinaanzia kwa aliyekunywa chai nusu saa kabla ya kupokea na kwenda mbali sana, hadi kwenye mambo ambayo padri mwenyewe huyasikia kitubioni akiwa amevaa stola. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na kuhusu padri, kuna jambo moja ambalo waamini wengi hawalijui. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 979, inamtaka padri anayeungamisha awe na busara na kiasi katika maswali yake, na inamzuia kuuliza jina la mtu aliyeshirikiana na muungamaji katika dhambi. Yaani ndani ya kitubio, mahali penye siri kuliko pote, mbele ya mtu aliyekuja kwa miguu yake kusema, bado kuna swali ambalo padri haruhusiwi kuliuliza. Wewe uliliuliza kwenye chai ya jumuiya, watu wameshika vikombe.

Tena Petro anatuchoma zaidi. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anataja watu ambao Mkristo asije akateswa kwa kuwa mmoja wao: mwuaji, mwizi, mtenda mabaya, na mtu anayejishughulisha na mambo ya watu wengine. Kaiweka kazi yetu kwenye foleni moja na wauaji! Neno la Kigiriki alilotumia hapo limebeba ndani yake neno lile lile ambalo sisi tumepata "askofu", maana yake mwangalizi. Ni kama kusema mtu aliyejisimika uaskofu wa nyumba za wenzie. Nilipofundishwa hilo nilicheka, halafu nikakumbuka harusi moja ya mpwa wangu. Nilimshika tumbo bi harusi wa mwaka uliotangulia, mbele ya meza ya vinywaji, nikamwambia, "Vipi, bado?" Akacheka na mimi. Nilikuja kujua baadaye kwamba mimba ilikuwa imetoka siku tisa kabla. Nilikuwa na nia mbaya? Hapana. Nilikuwa na nia yoyote? Nayo hapana, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Twende kwa Msamaria, maana umemleta kama shahidi wako. Soma tena sura ya 4 ya Yohana, polepole. Ni saa sita mchana, kisimani, wako wawili peke yao. Wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula. Yesu hakuanza na mume. Alianza kwa kuomba maji. Aliyekuwa na shida ya kwanza pale alikuwa yeye, mwanamke ndiye aliyekuwa na mtungi, na angeweza kumnyima. Wamezungumza weee, mwanamke kauliza maswali yake, kabisha, kaomba na yeye apewe hayo maji ya uzima. Hapo ndipo linakuja la "kamwite mumeo". Mwanamke akajibu kifupi, sina mume. Yesu alikuwa anayajua yote, waume watano na wa sasa asiye mume, kwa hiyo hakuwa anatafuta habari. Na alipoyataja, mazungumzo yakahamia kwenye ibada, wala hakumrudisha nyuma amweleze ilikuwaje. Habari ile ilifika mjini, ndiyo, ila aliyeipeleka ni mwanamke mwenyewe, kwa mdomo wake, mtungi kauacha pale pale.

Kuna mstari mmoja hapo ambao huwa hauhubiriwi, wa 27. Wanafunzi wanarudi na chakula, wanamkuta anazungumza na mwanamke. Wakastaajabu. Na Yohana anasema hakuna hata mmoja aliyeuliza, unatafuta nini, au mbona unasema naye. Wanaume wazima, wamejaa maswali mdomoni, wakayameza. Mimi naupenda sana mstari huo. Watu walewale kila siku walikuwa wanauliza nani mkubwa kati yao, lakini siku ile walijua swali hili si la kwao.

Tuje kwa mzee wa reli, kwa sababu nadhani humo ndimo jeraha lako lilimo, na hili la jirani limelitonesha tu. Mwanangu, yule mzee hakufa kwa kukosa mtu wa kumpeleleza. Mtaa mzima ulikuwa umeshampeleleza na kukata shauri kwamba kasafiri. Alikosa mtu wa kupiga hodi. Angalia ulivyo ukiwa dirishani, taa umezima: unamwona yeye, yeye hakuoni, wala hana namna ya kukwambia hapana. Ukipiga hodi unajitaja, unasimama nje kwenye mwanga, na mwenye nyumba anaweza kukwambia karibu au akakaa kimya. Majirani zetu Waislamu wamefundishwa hivyo wazi kabisa: hodi mara tatu, usipoitikiwa, rudi. Kwa mzee wa siku tatu, kutokuitikiwa kungetosha kukupeleka kwa balozi. Kwa mama mwenye afya yake anayejitwisha ndoo, kutokuitikiwa maana yake rudi.

Na swali likiwa la hodi, unalijua. Linakufanya na wewe uonekane. "Nimepika maharage mengi leo, nikuletee?" hilo ni hodi. "Mbona baba hatumwoni?" ni dirisha, hata ukiliuliza mchana kweupe.

Mbona hata lugha yetu imeshalipanga jambo hili. Sisi tunaulizana kuliko watu wengi duniani: habari za nyumbani, watoto hawajambo, wazee je, kazi inaendaje. Na jibu ni "nzuri", hata kama nyumba imeungua. Mgeni akisikia anadhani tunadanganyana. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba baada ya "nzuri" kuna pumzi moja, na kwenye pumzi hiyo mtu akitaka huleta "ila tu". Nzuri, ila tu mtoto hakulala. Nzuri, ila tu yule mwenzangu kazini wamempunguza. Mwenye "ila" yake huitoa kwa mtu anayesubiri hiyo pumzi ipite. Sisi watu wa haraka, na wenye vyeo vya jumuiya ndio hasa, tunaingilia kabla haijapita na "mbona" zetu.

Yule mama alipokuuliza utafanya nini ukijua, usidhani alikuwa anakusuta tu. Mimi naona alikuwa anauliza kweli. Pengine alikuwa tayari kukwambia jambo, kama ungekuwa na jibu. Kaa na swali hilo jioni moja, ulijibu kwa ukweli. Ukijua kwamba ndoa yao ina kizuizi, utafanya nini? Ukijua kwamba anayekuja usiku ni kaka yake mwenye kazi ya zamu, utafanya nini? Ukijua jambo zito zaidi ya hayo, ukaambiwa usimwambie mtu, utaweza? Hata ya pikipiki hukuweza. Kama kwa kila moja jibu lako ni "ningekuwa nimejua basi", hukuwa umejiandaa kupewa.

Nia yako ilikuwa safi au chafu? Ilikuwa vyote, kama yangu na ya kila mtu. Ulimpenda, ulikuwa na deni la mzee, na ulitaka pia kuwa wa kwanza kujua. Usijitese kuchambua kila punje. Kazi ipo.

Anza na mwenyekiti. Mwambie yale ya pikipiki uliyaona ukiwa umejificha gizani, na kwamba hujui chochote. Ukisema hivyo, sehemu ya "umejificha" itakuaibisha, na ndiyo itakayoua ile hadithi; ukisema tu "tuyaache hayo", kesho pikipiki itakuwa basi. Halafu wanakwaya uliowasikia, hao hao, uwaambie vivyo hivyo.

Kisha nenda kwake. Mchana, peke yako, usibebe daftari. Piga hodi. Mwambie mambo mawili ulikosa: ulimuuliza mbele za watu, na ulimuuliza mwanaye. Litaje la mtoto hata kama unadhani hajaambiwa, ameambiwa. Usieleze habari za mzee wa reli, maana hapo utakuwa unamwomba yeye akuhurumie wewe. Na usimuulize kama amekusamehe. Hilo nalo ni swali, na utamlazimisha ajibu mlangoni. Sema, kisha aga. Asipofungua, usimwachie ujumbe kwa mtoto.

Jumuiyani, jina lake usilikate kwenye daftari, wala Jumamosi usimtume mtu kumwita. Siku akija na kigoda chake msogezee nafasi, mpe kitabu cha nyimbo. Ikifika zamu yake ya kupokea jumuiya nyumbani, muulize kama inamfaa, ukubali la kwanza atakalojibu.

Ukienda kitubioni, nenda na ya kwako. Ya kwake yaache nje ya kanisa, padri hayahitaji.

Pazia la dirisha la jikoni lishushe saa nne, ukalale. Mwisho wa mwezi utaisikia pikipiki, na moyo utaruka, hilo sina dawa yake. Geukia upande wa pili, msemeshe mume wako, ambaye kwa maelezo yako mwenyewe bado anaamini gesi inavuja.

Na mtoto akipita asubuhi, wewe ukiwa umeshazungumza na mama yake na mama akaridhia, mpe andazi lake. Usimuulize chochote, hata la "ni tamu?"

Shangazi